Boga la Kitanda Namba Sita

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaufikia ukuta wa uani, Mama Pasi alizungusha hendeli ya kitanda namba sita mara kumi na moja, kitanda kikapanda hadi usawa wa kiuno chake. Mara kumi kingekuwa chini, ingembidi ainame. Mara kumi na mbili kingekuwa juu, mabega yangeanza kulalamika kabla ya saa tatu. Kumi na moja ndiyo iliyomfaa, na siku hizi hakuhesabu tena. Mkono wenyewe ulijua pa kusimama. Akaifunga hendeli kwa kamba isije ikarudi, akaegemeza nyonga kwenye chuma cha pembeni, akaanza kupalilia akiwa wima.

Jikoni birika lilikuwa motoni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya shambani. Birika likichemka kazi inakoma, hata kama limebaki gugu moja. Gugu ukilibakiza leo utalikuta kesho, lakini kiuno ukikimaliza leo, kesho hukikuti. Somo hilo lilimgharimu wiki mbili za likizo yake, amelala chali akihesabu mabati. Baada ya birika alikaa, akanywa chai, akateleka birika la pili, akaenda kwenye vitanda viwili vinavyofuata. Kwa mabirika manne alikuwa amemaliza ua mzima, na wenye migongo mizima mtaani walikuwa bado wanatafuta majembe yao.

Vitanda vilikuwa saba, vyote vya chuma, vyeupe, rangi imebanduka hapa na pale. Vilikuwa vya hospitali. Nyavu zake zilipokatika vilitupwa nyuma ya chumba cha kufulia nguo, na Mama Pasi, aliyekuwa mpiga pasi katika chumba hicho kwa miaka ishirini na miwili, alivipita kila siku vikinyeshewa. Siku moja akamuuliza mtunza stoo kama vina mwenyewe. Mtunza stoo akamwambia achukue vyote, atakuwa amemsaidia kupata nafasi. Vilisukumwa hadi nyumbani kwa magurudumu yake, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipiga kelele njia nzima.

Aliyesukuma alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi naye nyumba moja. Wifi ndiye aliyepigilia mbao badala ya nyavu, akatandika nailoni na kuitoboa matundu ili maji yasituame. Mama Pasi ndiye aliyechanganya udongo, nusu udongo na samadi, nusu makapi ya mpunga, uwe mwepesi kiasi cha kugeuzwa kwa vidole. Vijembe vyao vya mkono vilikuwa na mipini mirefu iliyozungushiwa mpira wa baiskeli ili kiganja kisikaze. Ndoo ya maji haikubebwa na mtu. Chupa zilitobolewa vifuniko, zikafukiwa midomo chini katikati ya mimea, zikawa zinanywesha kidogo kidogo siku tatu bila kusumbua mtu.

“Wifi,” alisema wifi yake siku walipomaliza, “mboga zako zimepata pa kulala pazuri kuliko kaka yangu alivyowahi kulala.”

“Mboga hazikoromi,” alisema Mama Pasi.

Na zilistawi. Mchicha wa kitanda namba moja ulikuwa na majani mapana kuliko mkono wake. Nyanya zilijaa hadi zikaegemezwa kwa mipira ya dripu iliyotupwa. Biringanya ziling'aa. Watu walianza kuja uani kutazama, na hawakuja wazima tu. Alikuja fundi seremala mstaafu ambaye magoti yalimkataa, na mwalimu wa kike ambaye vidole vyake vilivimba kila asubuhi. Mama Pasi aliwapima kila mmoja kwa kamba, kutoka unyayo hadi nyonga, akafunga fundo, akawaambia, “Hapa ndipo shamba lako linapoanzia. Lisikushushe chini ya hapo hata kwa kidole kimoja.” Walirudi makwao na kamba zao. Maisha yake yote alisikia kwamba kulima ni kuinama, na sasa alikuwa na ua mzima wa kuwajibu waliosema hivyo. Alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha.

Kilichomtesa kilikuwa kazini. Mgongo wa Mama Pasi ulianza kumkata miaka sita nyuma, chini kabisa ya kiuno, ukashuka paja la kushoto mpaka kwenye kidole kidogo cha mguu. Asubuhi ulikuwa moto, mchana ulikuwa msumari, jioni ulikuwa ganzi. Alipiga pasi mashuka mia moja na arobaini kwa siku, amesimama. Alichokitaka ni stuli. Stuli moja ndefu, akae, aendelee na mashuka yake. Msimamizi wa chumba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulisema stuli hutolewa kwa barua ya daktari. Daktari naye hakuwa mtu mbaya. Alimpiga picha ya eksirei mara tatu kwa miaka sita, na mara zote tatu aliinua picha kwenye mwanga na kusema ni safi.

“Huna kitu, mama. Labda mawazo. Punguza mawazo.”

Mama Pasi alijaribu kuyapunguza, lakini mgongo haukupungua. Kila alichokiomba kilikuwa kwenye ile stuli, na kila Jumatatu alisimama tena mbele ya meza ya pasi akijua kwamba ikifika siku asiweze kusimama, kazi itakuwa imekwisha. Na kazi ile aliipenda. Hakuna aliyenyoosha pindo la shuka kama yeye.

Sasa, mtunza stoo alipotoa vile vitanda alisahau jambo moja: hakuvifuta kwenye daftari la wodi. Kwenye daftari vilibaki vitanda saba vyenye namba zao, na kitanda chenye namba lazima kipitiwe raundi. Kwa hiyo mwezi wa tatu tangu vihamie uani, saa nane mchana, muuguzi wa zamu alibisha hodi akiwa na sare nyeupe na sinia lake.

“Nimekuja kuona wagonjwa,” alisema.

“Karibu,” alisema Mama Pasi. “Wako uani.”

Muuguzi alianza na nyanya. Alizipima joto, zikawa na homa ya thelathini na nane na nusu. Bamia zilikuwa na mapigo ya haraka. Vitunguu vilikuwa na kikohozi kikavu, si kibaya. Vitanda vile vilikuwa vimelaza wagonjwa miaka arobaini, na hakuna mtu aliyeviambia kwamba vimeachishwa kazi; kilicholala juu yake kiliugua kidogo, kikauguzwa, kikapona. Muuguzi aliandika yote kwenye faili, akatundika faili kwenye mguu wa kila kitanda, akanywa chai, akaaga.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana. Shida iliyojitokeza ni kwamba hakuna mboga iliyoweza kuchumwa kabla ya kuruhusiwa. Mchicha uliruhusiwa Jumanne asubuhi ukaliwa Jumanne mchana. Biringanya zilishikiliwa siku nne zaidi kwa uangalizi. Wifi alinung'unika kwamba maishani mwake hakuwahi kuomba saini ili apike, lakini alikiri kwamba mboga iliyopona ina utamu wake.

Boga la kitanda namba sita halikuruhusiwa. Lilikuwa boga moja tu, kubwa, la rangi ya machungwa iliyokolea, limekua hadi likajaza nusu ya kitanda, na Mama Pasi alilipenda kuliko vyote. Siku za mgongo mbaya, birika likichemka akiwa hawezi hata kufika kitini, aliweka viganja vyote viwili juu ya boga akaliegemea mpaka maumivu yapungue. Boga lilikuwa zito na lilitulia. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Muuguzi ndiye aliyegundua. Alilibonyeza karibu na kikonyo, likashtuka. Akafuata tawi lake la kushoto, lile lililokuwa limetambaa kuelekea kitanda namba saba, akalichoma na ncha ya kalamu hadi mwisho. Tawi lilikuwa limekufa ganzi.

“Hili lina kiuno,” alisema muuguzi. “Nitamwita daktari.”

Daktari alikuja Alhamisi, yule yule. Alivuta kiti, akakaa karibu na boga, akalikagua kwa dakika arobaini. Mama Pasi alizitazama kwenye saa ya ukutani kupitia dirisha la jikoni. Zake yeye, kwa mara zote tatu, zingejumlishwa zisingefika kumi na tano.

“Ndugu wa mgonjwa yupo?” aliuliza daktari.

“Nipo,” alisema Mama Pasi.

“Maumivu yalianza lini?”

“Miaka sita sasa.”

Boga lilikuwa na miezi minne, lakini daktari aliandika sita. Aliuliza yanazidi saa ngapi, akajibiwa asubuhi na baada ya kusimama. Aliuliza kama yanashuka mguuni, akajibiwa yanashuka, kushoto, hadi kidole kidogo. Aliuliza kama yanamnyima mgonjwa usingizi. Mama Pasi alijibu yote bila kusita, kwa maneno yale yale aliyoyasema mbele ya daktari huyo huyo mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kalamu ilikuwa inatembea.

Kitanda namba sita kilisukumwa hadi hospitali, wifi mbele, muuguzi nyuma, boga katikati limefunikwa shuka ambalo Mama Pasi mwenyewe alikuwa amelipiga pasi. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, ya wazi kabisa. Ndani ya boga, katikati ya mbegu, kulikuwa na uti wa mgongo. Pingili ya tano ya kiuno ilikuwa imesogea, imeukalia mshipa wa fahamu wa kushoto. Hata asiyejua kusoma eksirei angeona.

Daktari alisikitika kweli. “Maskini,” alisema. “Na limevumilia muda wote huu.”

Mama Pasi alisogea karibu na picha. Alikuwa hajawahi kuuona uti ule, lakini aliujua kama mtu anavyoijua sauti ya ndugu yake nyuma ya mlango.

“Daktari,” alisema, “huo ni mgongo wangu.”

“Wako tuliupiga picha mara tatu, mama. Hauna kitu. Huu ni wa boga.”

“Boga halina mgongo.”

“Hili linao,” alisema daktari kwa upole, akamwonyesha kwa kalamu. “Huu hapa.”

Wifi, ambaye hakuwa mtu wa kumeza neno, aliingilia. “Daktari, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Wewe umekaa na boga, umelisikiliza, Mungu akubariki. Lakini ukipenda boga, penda na ua lake. Basi mwandikie na mwenye boga mstari mmoja.”

Daktari aliwaza. Ilionekana wazi kwamba angependa. “Namwandikia mwenye picha,” alisema mwishoni. “Nikianza kuwaandikia wasio na picha, foleni itafika barabarani.”

Akaandika. Barua ilisema kwamba mgonjwa ana maumivu sugu ya kiuno yaliyothibitishwa, asisimame zaidi ya nusu saa, na apewe stuli mahali pake pa kazi. Pale penye jina palisomeka boga. Pale penye mahali pa kazi palikuwa wazi, na fomu ile haikupokelewa ikiwa na pengo, kwa hiyo muuguzi, kwa nia njema kabisa, akajaza kile alichokijua kuhusu nyumba ile: chumba cha kufulia, meza ya pasi.

Jumatatu msimamizi aliisoma barua mara mbili. Stuli ilifika baada ya dakika ishirini. Ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye pahali pa kuwekea miguu, ndiyo hasa aliyokuwa ameiota miaka sita. Iliwekwa kando ya meza ya Mama Pasi, na boga likawekwa juu yake.

Likawa hivyo. Muuguzi alikuwa amelikata kwenye tawi kwa uangalifu na kukifunga kikonyo bandeji. Kila asubuhi saa moja toroli ya hospitali ilikuja kulichukua nyumbani, kwa kuwa kwa hali yake halikuruhusiwa kutembea, na Mama Pasi alilifuata nyuma kwa miguu. Kutwa nzima liliketi. Yeye alisimama, akanyoosha mashuka mia moja na arobaini. Jioni toroli ililirudisha kitandani.

Wenzake wa pasi walikuwa watu wa huruma. Siku ya tatu, msimamizi alipokwenda kunywa chai, mmoja wao alilinyanyua boga akaliweka chini.

“Kaa, Mama Pasi. Dakika kumi. Nani atajua?”

Mguu wa kushoto ulikuwa umeshawaka moto hadi kidoleni. Aliitazama stuli. Hakuna kitu duniani alichokitaka kuliko kuikalia, na hilo aliliona wazi, hakujidanganya. Kisha akatikisa kichwa.

“Lirudishe.”

“Acha kiburi, mama.”

“Si kiburi. Au basi, na kiwe kiburi,” alisema. “Nikiikalia hii kwa kuibia, nitakuwa nimekubali kwamba ni ya boga. Mimi naidai yangu. Siku itakapokuja kwa jina langu nitaikalia kutwa, mpaka mnichoke.”

Mwenzake akalirudisha boga. Mama Pasi alipaka mate kidole, akagusa pasi, ikalia. Akatandaza shuka.

Alipeleka ombi jipya wiki hiyo, la nne, akaambatanisha nakala ya picha ya boga. Ombi lilirudi na maelezo kwamba kiambatanisho ni cha mgonjwa mwingine. Alilipokea, akalikunja, na Jumamosi akazungusha hendeli mara kumi na moja kama kawaida. Nusu ya kitanda namba sita, ile isiyolaliwa na boga, alikuwa ameipanda kunde. Fundi seremala alikuja siku hiyo kumwonyesha bamia zake za kwanza, zimefungwa kwenye gazeti, na mwalimu alileta nyanya tatu akazipanga mezani. Kwenye mtaa ule sasa kulikuwa na mashamba kumi na mawili ya kusimama, yote yamepimwa kwa kamba yake. Alizila zile nyanya na chumvi papo hapo, zikiwa na joto la jua.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi kutoka makao makuu, mtu mrefu mwenye daftari. Alipita chumba cha kufulia akitazama mitungi, kamba na pasi, msimamizi akimfuata hatua moja nyuma. Alipofika kwenye stuli alisimama.

“Na huyu?”

“Huyu ana mgongo,” alisema msimamizi. “Barua yake ipo, na picha ipo.”

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. “Na huyu mama?”

“Huyu ni mzima. Miaka ishirini na miwili, hajakosa siku ya kutajwa.”

Mkaguzi hakuondoka mara moja. Alilizunguka boga, akainama kulitazama. Kwao walikuwa wakulima, alisema, amekulia shambani, na hajapata kuona boga kama hili, mwili wake, rangi yake, lilivyojaa. Aligusa ngozi yake kwa ncha ya kidole.

“Nani alilima kitu kama hiki?”

Mama Pasi aliinua pasi kutoka kwenye shuka, akaisimamisha kwenye kitako chake. Akajinyoosha. Alijinyoosha pole pole, pingili moja baada ya nyingine, hadi akafika juu kabisa, na chumba kizima kikamtazama.

“Mimi,” alisema. “Kwa mgongo huu huu.”

Mkaguzi alimpa mkono, akampongeza kwa dhati. Kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba stuli ya boga iongezewe mto wa kuegemea, akaingia chumba cha pili. Mama Pasi alichukua pasi, akavuta shuka lingine.